Santuri ya Dhahabu Isiyoimba

Wapo watu wanaokusanya stempu za posta, wapo wanaokusanya sarafu za kale, na wapo, hasa huko Marekani na Ulaya, wanaokusanya heshima walizopewa watu wengine. Hawa wa mwisho ndio tunaotaka kuwazungumzia leo, ndugu vijana, kwa sababu mmoja wao ni shemeji yetu, mume wa dada yetu mdogo, anayeishi Brussels tangu miaka mingi, na kwa sababu wengi wenu mlioziona picha alizotuletea mlituuliza maswali yasiyoweza kujibiwa kati ya katekesi na mazoezi ya kwaya.

Kitu chenyewe ni fremu ya mbao au ya chuma, yenye kioo mbele. Ndani yake mna santuri yenye rangi ya dhahabu au ya fedha, mara nyingi na picha ndogo ya jalada la albamu, na chini kabisa kibao cha chuma chenye maandishi. Kibao hutaja jina la mtu aliyekabidhiwa, kisha hueleza kwamba amekabidhiwa kwa ukumbusho wa mauzo ya nakala zaidi ya idadi fulani. Wazee wetu wa Lubumbashi, waliocheza rumba hadi alfajiri, wanaijua kwa Kifaransa: disque d'or. Ninyi mliozaliwa simu ikiwa tayari mkononi mwa mama, itawabidi kwanza mwamini kwamba palikuwa na wakati ambapo wimbo ulikuwa kitu kizito, cheusi, cha mviringo, kilichobebwa kwa mikono miwili na kuvunjika kikianguka.

Desturi hii ilianza kama tangazo la biashara, wala tusiifiche asili yake. Tarehe 10 Februari 1942, kampuni ya RCA Victor ilimkabidhi Glenn Miller, kiongozi wa bendi kubwa ya Marekani, santuri ya wimbo wake «Chattanooga Choo Choo» iliyopakwa rangi ya dhahabu. Ilifanyika hewani, redioni, watu wakisikiliza, kwa kuwa wimbo ulikuwa umeuza nakala 1,200,000. Hapakuwa na sheria wala mkaguzi. Kampuni ilihesabu yenyewe, ikajipongeza yenyewe kupitia mgongo wa mwanamuziki wake. Desemba 1944 ndege iliyombeba Miller ilipotea juu ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, na ile santuri ikabaki kuwa mama wa zote zilizofuata.

Utaratibu ulikuja mwaka 1958. Chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi RIAA, kiliamua kwamba tuzo itatolewa baada ya hesabu kukaguliwa. Wimbo wa kwanza kuthibitishwa ulikuwa «Catch a Falling Star» wa Perry Como, mwezi Machi. Wa pili uliimbwa na kijana wa Uingereza aitwaye Laurie London, aliyekuwa na umri wa miaka 14 tu, nao ulikuwa wimbo wa kiroho wa Wamarekani weusi, ule unaosema kwamba Mungu anaushika ulimwengu wote mikononi mwake. Elvis Presley mwenyewe, pamoja na kelele zake zote, alimfuata nyuma huyo mtoto katika orodha. Tunawaambieni haya ninyi wa kwaya ya watoto, mpate la kuwajibu kaka zenu wanaowaambia kwamba sauti zenu bado hazijakomaa.

Hesabu za RIAA zilibadilika kadiri soko lilivyobadilika. Mwanzoni santuri ndogo, yenye wimbo mmoja kila upande, ilihitaji kuuza nakala milioni 1 ili ipate dhahabu, lakini albamu ilipimwa kwa fedha: mauzo ya dola milioni 1 kwa bei ya kiwandani. Mwaka 1975 albamu ikaanza kudaiwa pia nakala 500,000. Mwaka 1976 platini ikaongezwa juu ya dhahabu, nakala milioni 1 kwa albamu, na ya kwanza kuipata ilikuwa mkusanyo wa nyimbo za kundi la Eagles. Mwaka 1989 kipimo cha santuri ndogo kikashushwa hadi 500,000, kwa kuwa watu walikuwa wameacha kuzinunua. Mwaka 1999 ikaja almasi, kwa nakala milioni 10. Shemeji hupenda kusema kwamba kila soko likichoka hubuniwa madini mapya, na hapo hatuna la kumpinga.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba tuzo haiji yenyewe. Kampuni ndiyo inayoomba ukaguzi, kampuni ndiyo inayolipia, na mafremu yenyewe huagizwa kwa mafundi walioruhusiwa na chama. Santuri inaweza kuuza sana na isipate dhahabu, kwa sababu tu hakuna aliyeomba. Tena kilichohesabiwa ni nakala zilizotoka ghalani kwenda madukani, na duka lilikuwa na haki ya kurudisha zilizobaki. Mwaka 1978 ilitolewa albamu ya filamu «Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band», iliyoimbwa upya na wasanii wa wakati ule. Ilitoka ghalani kwa wingi wa platini, kisha malori yakairudisha kwa wingi wa kutisha, mpaka wafanyabiashara wa muziki wakaifanyia mzaha hadi leo. Ndiyo maana baadaye chama kiliweka muda wa kungoja kabla ya kukagua.

Na je, ni dhahabu kweli? Hili ndilo swali mlilouliza wa kwanza, nasi hatukushangaa. Si dhahabu ya sonara. Ni santuri ya kawaida, au lile bamba la chuma la kukandamizia santuri kiwandani, iliyovikwa ngozi nyembamba ya madini. Lililotushangaza sisi ni hili lifuatalo: mara nyingi santuri iliyo ndani ya fremu si ile iliyotajwa kwenye kibao. Fundi alichukua santuri yoyote iliyokuwa karibu, akaivika madini, akabandika katikati karatasi ya jina linalotakiwa. Wapo wakusanyaji waliohesabu mistari inayotenganisha nyimbo juu ya santuri yao, wakakuta idadi hailingani na nyimbo zilizoandikwa. Mtu anaweza kuning'iniza sebuleni kwake heshima ya mwimbaji mashuhuri, na chini ya ule mng'aro wamelala wapiga kinanda wasiojulikana kabisa. Shemeji hakasiriki. Anasema fremu haikutengenezwa ipigwe, ilitengenezwa itazamwe.

Sasa tuseme kidogo kuhusu mkusanyaji mwenyewe. Shemeji yetu anafanya kazi ya usafi katika jengo la ofisi, zamu ya jioni. Asubuhi, kabla ya kulala tena kidogo, hupita kwenye uwanja wa Jeu de Balle katika mtaa wa Marolles, ambako kila siku kuna soko la vitu vya mitumba. Vyombo vya nyumba za marehemu hutandazwa chini juu ya mawe: vijiko, misalaba, picha za harusi za watu ambao hakuna anayewajua tena. Huko ndiko alikopata fremu yake ya kwanza. Leo anazo tisa. Dada yetu anasema tisa ni nyingi kwa nyumba ya vyumba viwili, na sisi kama kaka wa mke tumeamua kutoingilia.

Ujuzi wake, hata hivyo, unastahili heshima. Anajua kwamba tuzo za Marekani za miaka ya 1960, hadi kuelekea katikati ya miaka ya 1970, zilikuwa na usuli mweupe kama kitambaa cha kitani. Kisha wakatengeneza fremu ambazo santuri huonekana kama inaelea mbele ya usuli wake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 zilitiwa hologramu, alama ndogo inayobadilika rangi ukiinamisha kichwa. Basi mtu akikuletea fremu yenye hologramu na kukuapia kwamba mwimbaji aliipokea mwaka 1968, ujue kwamba albamu inaweza kuwa ya 1968, lakini fremu ilitengenezwa baadaye sana. Waghushi ni wengi. Skurubu zinazong'aa kupita kiasi, karatasi isiyobadilika rangi baada ya miaka 50, gundi yenye harufu mpya, hayo yote ni mashahidi. Shemeji haangalii mbele kwanza. Huigeuza fremu, akatazama mgongo, vumbi, kutu, karatasi ya fundi aliyeitengeneza. Mbele, asema, kila mwongo anajua kupatengeneza.

Zipo pia zile ambazo wakusanyaji huziita za nyumbani, zilizotengenezwa na kampuni yenyewe bila kupitia kwenye chama. Mfano mkubwa ni Motown, kampuni ya Berry Gordy huko Detroit, iliyouza mamilioni ya santuri za wanamuziki weusi katika miaka ya 1960. Kwa muda mrefu Motown haikuwa mwanachama wa RIAA, wala haikuwafungulia wakaguzi vitabu vyake, basi nyimbo zake nyingi zilizojaa kila redio hazikuwa na dhahabu rasmi wakati ule. Kampuni ikawapa waimbaji wake santuri za dhahabu za kujitengenezea. Mkaguzi atasema hizo si tuzo. Mwimbaji aliyeipokea mbele ya mama yake angesema vingine, na sisi tuko upande wa mama.

Nani alipewa? Hapo ndipo penye utamu, na penye uchungu. Mwimbaji alipewa, bila shaka. Lakini pia mtayarishaji, meneja, mtangazaji wa redio aliyeupiga wimbo mara nyingi, mwenye duka, mwanasheria, karani wa idara ya mauzo. Wimbo mmoja uliweza kuzaa fremu nyingi sana, kila moja na jina lake. Hii ndiyo sababu zinapatikana sokoni: mwimbaji huitunza yake, lakini karani hufa, na watoto wake hawajui la kuifanyia.

Na wengine hawakupewa kabisa. Solomon Linda, Mzulu, alirekodi wimbo wake «Mbube» huko Johannesburg mwaka 1939. Mwaka 1961 kundi la The Tokens lilifika nafasi ya kwanza Marekani kwa «The Lion Sleeps Tonight», uliotokana na wimbo ule ule. Linda alikuwa ameachilia haki zake kwa shilingi 10, akafariki mwaka 1962 akiwa maskini. Ilichukua hadi mwaka 2006 ndipo binti zake walipofikia mapatano ya kulipwa, baada ya kesi mahakamani. Hakuna fremu ya miaka hiyo ambayo shemeji angeweza kuikuta sokoni ikiwa na jina la Linda kwenye kibao.

Karibu zaidi na sisi iko Kamina. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda huko kwaya ya wavulana na walimu wao, iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 walisafiri Ulaya, wakaimba kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels, na kampuni ya Philips ikairekodi Missa Luba. Sanctus yake ilisikika hadi katika filamu ya Uingereza, «if....» ya mwaka 1968. Mwimbaji mkuu alikuwa Joachim Ngoi, mwalimu wa shule, mwenzetu wa chaki. Tumesoma katika vyuo vya ualimu vya Katanga, tumefundisha miaka zaidi ya 25, na tukiwauliza vijana nani aliyeimba Missa Luba, wakijibu, hutaja jina la padri. Padri alistahili kutajwa. Lakini misa ile ilizaliwa mazoezini, kutokana na nyimbo ambazo wale walimu na watoto walikuwa nazo tayari kinywani.

Na Ubelgiji kwenyewe, mwaka 1963, mtawa Mdominiko Jeanne Deckers, aliyeitwa Sœur Sourire, alifika nafasi ya kwanza Marekani kwa wimbo «Dominique», na albamu yake nayo ikafika kileleni. Alikuwa na nadhiri ya ufukara, fedha zikaenda kwa kampuni na kwa monasteri yake. Baada ya kutoka utawani, serikali ya Ubelgiji ilimdai kodi ya mapato ya nyimbo zile, naye hakuwa na fedha wala karatasi za kuonyesha zilikokwenda. Alifariki mwaka 1985 katika huzuni kubwa. Tukimweleza shemeji habari hizi kwa simu, hunyamaza kidogo, kisha husema: «Bwana mwalimu, ndiyo maana mimi nasoma majina.»

Kuhusu majina tumebishana naye mwaka mzima. Fremu yake ya saba si ya RIAA, ni ya nyumbani, ya kampuni moja iliyosambaza santuri huko Ubelgiji, nayo aliinunua Jeu de Balle kwa bei ya gunia moja la unga wa mahindi hapa kwetu. Kibao chake kina jina la mwanamume wa kawaida kabisa, si mwimbaji wala mkubwa. Sisi tulimwambia kwamba mtu hawezi kulala usingizi chini ya jina la mtu mwingine pasipo kujua kama wenyewe wanalitafuta. Yeye akatujibu kwamba asingeinunua asubuhi ile, jioni ingeingia kwenye gari la taka, kwa kuwa vitu visivyouzika huachwa pale pale juu ya mawe. Jibu lake lina nguvu. Hata hivyo tuliendelea kumsumbua, kama mjuavyo tabia yetu, na dada yetu akatusaidia kutoka upande wa jikoni.

Ilimchukua miezi mitatu. Aliyekuwa ameuza vyombo sokoni alikumbuka mtaa, jirani wa mtaani alikumbuka binti, na binti akapatikana, mwanamke wa makamo, mwuguzi, anayeishi mbali na Brussels. Shemeji alijiandaa kwa mambo mawili: kwamba mama huyo angelia na kuidai, au kwamba angemshuku huyu Mwafrika mwenye habari nyingi mno za baba yake. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema alimwagiza mtu aondoe vyombo vyote vya nyumba, na fremu alijua imo. Baba yake alikuwa mfungaji wa mizigo katika ghala la kampuni ile. Alikabidhiwa fremu katika karamu ndogo, akapigwa picha, na mwaka uliofuata ghala likafungwa, yeye na wenzake wakaachishwa kazi. Nyumbani aliiweka kwenye chumba cha chini, imegeuzwa, uso ukutani. Hakuna aliyethubutu kuigeuza.

Shemeji akamuuliza kama anajua kilichoandikwa nyuma. Hakujua. Yeye alikuwa amekiona tangu siku ya kwanza, kwa ile desturi yake ya kutazama mgongo, lakini alidhani ni hesabu za fundi: kwa penseli, kwa herufi ndogo zilizonyooka, majina kumi na moja, moja chini ya jingine, mawili ya Kiitalia, moja la Kikongo, na mbele ya kila jina kazi yake. Mbeba makasha. Msoma orodha. Dereva. Anayefunga kamba. Binti aliyasoma kwenye picha ya simu, akayatambua manne au matano, watu waliokuja kula kwao Jumapili alipokuwa mtoto. Lile la Kikongo alilikumbuka vizuri zaidi kuliko yote, kwa sababu mwenyewe alimletea karanga.

Hapa tulidhani mambo yamekwisha, kwamba fremu ingerudi kwa binti. Alikataa. Alisema hana ukuta wa kuitundika, na kwamba ikiwa kwa mtu anayeisoma, basi iko mahali pake. Aliomba ruhusa ya kuja kuitazama akiwa na mwanawe, wakaja siku ya Jumamosi, dada yetu akapika sombe na samaki, wakapiga picha ya upande wa nyuma. Upande wa mbele, wenye jina la baba yake, hawakuupiga.

Sisi bado tunasema kwamba jina la Mkongomani yule linapaswa kutafutwa nalo. Shemeji anasema kwamba watu wenye jina lile Brussels ni wengi kama mchanga wa mto Lualaba, na kwamba zamu yake inaanza saa kumi na moja jioni. Tumemwandikia mzee mmoja wa Kalemie ambaye nduguye alikwenda Ubelgiji kufanya kazi miaka ile. Amejibu kwamba ataulizia. Kwa sasa fremu imetundikwa kwenye korido, penye nafasi finyu kati ya mlango wa choo na ule wa chumba cha watoto, na ili mtu asome nyuma inambidi aishushe. Dada yetu ametoa shauri itengenezewe kioo pande zote mbili. Fundi wa kwanza aliyeulizwa ametaja bei, na shemeji, mwanaume asiyesita kununua fremu ya kumi, amesema ni ghali mno.